Sauti ya Jumapili

Shangazi Sindano hakuwa mtu mbaya. Watu wa mtaa wake wangekuapia hivyo, ingawa baadhi yao wangesita kidogo kabla ya kuapa. Jina alipewa kwa ajili ya kazi yake ya kushona, likamganda kwa ajili ya ulimi wake. Alikuwa mjane, na aliishi kwa mdogo wake wa kiume, mpaka rangi wa majumba, katika chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani. Alikuja kukaa kwa muda tu, mpaka majonzi yapungue. Majonzi yalipungua, cherehani ikahamia dirishani, na habari ya kuondoka haikuzungumzwa tena. Mdogo mtu hakulalamika, maana nguo za nyumba nzima zilishonwa bure.

Nyumba ilikuwa na amani, isipokuwa kwa jambo moja, nalo lilikuwa wifi yake.

Wifi mtu alikuwa mtangazaji wa kituo cha treni. Kila tangazo lake lilianza kwa maneno "Abiria wapendwa," na kwa sababu hiyo mji mzima ulimwita Mama Abiria, hata watu ambao hawajawahi kumwona uso. Alipoolewa alikuwa na umbo la kadiri. Katika miaka hii ya karibuni alikuwa amenenepa, na unene wake ulikuwa wa kushangaza kwa sababu mwenyewe alipigana nao mchana kutwa. Asubuhi na mapema alitoka akapanda na kushuka ngazi za daraja la kuvukia reli mpaka magoti yakalalamika. Mezani alikula mboga za kuchemsha, yai, na kipande cha mkate ambacho, kwa maneno ya Shangazi, kingepita kwenye tundu la sindano. Sukari aliiacha, soda aliisahau. Kila wiki alipanda mizani ya duka la dawa jirani na kituo, na mizani ikamjibu yale yale, au ikamwongezea kidogo kama adhabu.

Wa kwanza kuyajua haya alikuwa Shangazi, kwa sababu mshonaji haambiwi, anaona. Kwanza aliachia mishono ya kiunoni katika magauni ya wifi yake. Kisha akaachia ya kwapani. Akiba ya kitambaa ilipokwisha akaanza kuongeza vipande pembeni, na ilipofika siku ya kutafuta kitambaa kinachofanana na gauni ambalo duka lake lilishafungwa, subira yake ikaisha pia.

"Mimi kazi yangu ni vitambaa," alimwambia mdogo wake. "Kitambaa hakiongezeki chenyewe kabatini. Mtu akinenepa, kuna kilichoingia. Mkeo anakula kwa siri."

Mpaka rangi alikuwa mtu wa amani. Kila aliposikia mawifi wakianza kurushiana maneno, alikumbuka kwamba ana brashi za kuosha. Hata siku hiyo alikumbuka. Aliziosha uani mpaka maji yakatoka meupe, na aliporudi alisema tu kwamba mkewe hana tabia hiyo, kisha akaulizia chai.

Jibu kama hilo halikumtosha Shangazi. Yeye alikuwa mtu wa kupima kabla ya kukata, na aliamini kwamba akitafuta ushahidi ataupata. Akaanza upelelezi. Alipekua mkoba wa wifi yake akitafuta karatasi za keki. Alinusa sweta yake akitafuta harufu ya vitu vya kukaanga. Alichukua chaki yake ya kushonea akapiga mstari ndani ya kopo la sukari, pale sukari ilipoishia, kisha akangoja. Sukari haikushuka chini ya mstari ule, na aliyeishusha mwishowe alikuwa yeye mwenyewe, ambaye hunywa chai ya vijiko vitatu.

Basi akaamua kwamba mambo yanafanyika asubuhi. Huenda hayo mazoezi ni jina tu, aliwaza, na safari yenyewe inaishia kwa muuza mikate. Alfajiri moja alijifunga shali kichwani akamfuata. Mama Abiria alikwenda moja kwa moja mpaka darajani, akaanza kupanda. Shangazi hakuweza kubaki chini, maana upande wa pili wa reli ndiko kulikokuwa na duka la mikate, na mpelelezi anayebaki chini haoni kinachofanyika ng'ambo. Alipanda. Akashuka. Alijificha nyuma ya kibanda cha magazeti akitweta, kisha akapanda tena. Asubuhi ya pili alikuwa na maumivu mapajani, lakini alijikaza kisabuni akaenda.

Mezani nako hakulegeza. Aliona kwamba akijipikia chakula kingine, jikoni kutakuwa na vya kuibiwa. Akala mboga za kuchemsha, yai na kipande cha mkate, jicho likiwa kwenye sahani ya mwenzake. Siku za mwizi ni arobaini, alijiambia. Arobaini zikapita, nyingine zikafuata, na mwizi hakushikwa.

Kilichotokea badala yake ni kwamba sketi za Shangazi zilianza kuzunguka kiunoni. Alizipunguza. Zikazunguka tena. Wateja wakaanza kumuuliza anatumia nini, na mama mmoja mwenye duka la vifungo akamwambia amerudi usichana. Shangazi alifurahi kwa kweli, asikuficheni mtu. Lakini ajabu ya jambo lile ilipita mbele ya macho yake, kama gari linavyompita mtu anayetafuta funguo chini. Wanawake wawili, ngazi zile zile, sahani ile ile. Mmoja anapungua na mwingine hapungui. Aliyekuwa na kichwa cha kujumlisha angejumlisha. Shangazi kichwa alikuwa nacho, ila kilishajaa keki ambazo hakuna aliyeziona.

Siku moja jioni Mama Abiria alirudi kazini akakaa mezani bila kuvua sweta, ingawa siku ilikuwa ya joto na mpaka rangi alikuwa akijipepea kwa gazeti. Alisema polepole na kwa sauti nzito, kama alivyozoea siku hizi, na akawasimulia yaliyomkuta.

Mkuu mpya wa kituo alikuwa amemwita ofisini. Alimweleza kwamba abiria wamekuwa wakitia maoni kwenye sanduku, na maoni yenyewe yanafanana. Wanamtaka mtangazaji wa Jumapili. Wanasema yule wa Jumapili ana sauti nyepesi, inayochangamsha, mtu anapanda treni akiwa na furaha. Huyu wa siku nyingine anavuta maneno kana kwamba ana chakula mdomoni. Mkuu akasema kwa upole kwamba mwisho wa mwezi atamhamishia stoo ya mizigo, na yule dada wa Jumapili ataombwa ashike wiki nzima.

"Na dada wa Jumapili ni nani?" aliuliza mumewe.

Ni yeye mwenyewe, Mama Abiria alijibu. Jumapili ni siku yake ya kupumzika. Miaka mingi nyuma fundi mitambo wa wakati ule alimkalisha chumbani akamrekodi matangazo yote, treni zote, majukwaa yote, na tangu hapo kila Jumapili kompyuta ndiyo inayosema. Fundi alishastaafu, mkuu wa zamani alishahamishwa. Alipomwambia mkuu mpya kwamba sauti iliyomo kwenye kompyuta ni yake, mkuu alicheka kwa adabu, akasema aliyerekodiwa ni mwingine na atatafutwa, kwani na yeye ana masikio.

Shangazi alikuwa na neno tayari, na kwa bahati mbaya hakulimeza.

"Labda wifi ungekuwa unameza kwanza ndipo unatangaza," alisema.

Mama Abiria aliweka uma chini. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimtazama wifi yake kwa macho yaliyovimba kidogo chini ya kope.

"Wifi, najua nimenenepa, vioo ninavyo," alisema. "Sikuombi unisifu. Kazini siaminiwi, duka la dawa siaminiwi, na hapa nyumbani siaminiwi. Nikisema sili, watu wanatazama mikono yangu. Nataka mtu mmoja tu aniamini. Mmoja atanitosha."

Alikwenda kulala jua halijazama vizuri. Mpaka rangi hakukumbuka brashi safari hii. Alimtazama dada yake akamwambia, "Dada, leo umezidi." Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yao kumwambia hivyo, na Shangazi, aliyemlea tangu akiwa mtoto, alinyanyuka akaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa zamu yake.

Jumapili iliyofuata robota la vitambaa alilokuwa akilingoja liliingia kwa treni. Alipotoka, Mama Abiria alikuwa amelala kwenye kochi chini ya blanketi. Shangazi alimtazama, akafunga mlango taratibu, akaenda zake kituoni. Hakuwa na desturi ya kwenda huko Jumapili. Siku hiyo huwa anapiga pasi kazi za wateja.

Alikuwa kwenye foleni ya mizigo, karatasi ya robota mkononi, sauti ilipotoka kwenye spika za juu. "Abiria wapendwa," ilisema, "treni ya asubuhi inaingia jukwaa la pili. Tafadhali simameni nyuma ya mstari wa njano. Wenye watoto, washikeni mkono."

Karatasi ilimponyoka Shangazi. Ilikuwa sauti ya wifi yake, hakuna shaka. Na wifi yake si amemwacha nyumbani? Kile kichwa kilichojaa keki kikafanya hesabu upesi, na kikakosea kama kawaida yake. Kumbe alijifanya amelala, aliwaza. Kumbe katoka kwa mlango wa nyuma, kapita njia ya mkato, na sasa yuko juu huko kwenye chumba chake, anatangaza na kula raha mustarehe mahali ambapo hakuna wa kumwona. Hata habari ya kompyuta ilimtoka akilini, kwa sababu tangu mwanzo hakuwa ameiamini. Robota likasahauliwa. Shangazi alizipanda ngazi za mnara wa matangazo mbili mbili, kwa miguu iliyokomazwa na daraja la reli, akampita mlinzi aliyekuwa akifuta miwani, akafungua mlango bila hodi.

Chumba kilikuwa kitupu. Palikuwa na kiti cha wifi yake chenye mto alioushona yeye mwenyewe, kipaza sauti kilichofunikwa kitambaa, kikombe kilichopinduliwa, na dirisha pana la kutazamia reli. Juu ya meza kompyuta ilikuwa imewaka peke yake. Wakati amesimama pale, ikasema tena. "Abiria wapendwa," ikasema, "nawatakia safari njema, na mfike salama kwa wanaowangoja."

Mlinzi alifika akihema. Alimwambia, bila ukali, kwamba hapo haruhusiwi mtu, na kwamba akimtafuta Mama Abiria, leo hayupo. Hiyo ni sauti yake ya zamani tu, iliwekwa humo yeye mlinzi akiwa mgeni kazini, na huwa anapenda kuisikia. Shangazi alimwomba amruhusu akae kidogo. Mlinzi akamtazama usoni, akamsogezea kiti.

Akakaa kwenye mto wake mwenyewe akasikiliza, treni baada ya treni. Aliikumbuka siku mdogo wake alipomleta mchumba nyumbani. Kabla hajamwona alimsikia mlangoni, "Hodi, wenyewe mpo?" na sauti ile iliingia ndani ikamtoa kwenye cherehani. Alimwambia mdogo wake jikoni, "Huyu hata akinitukana nitashukuru." Aliipenda sauti ile kabla ya kumpenda mwenye sauti. Sasa alijiuliza ilipotea lini, na hakuwa na jibu, yeye ambaye alijua ni wiki gani kila mshono uliachiwa.

Chakula kinanenepesha tumbo, aliwaza. Kinanenepesha mikono, kinanenepesha mashavu. Lakini sijaona chakula kilichomnenepesha mtu sauti.

Hapo mambo mengine yakaanza kujipanga yenyewe. Sweta wakati wa joto. Nywele ambazo kila wiki alikuwa akiziokota kwenye kola za magauni ya wifi yake na kuzitupa. Viganja vikavu ambavyo, wakati wa kujaribu gauni la hariri, vilinasa nyuzi mpaka yeye akamgombeza. Usingizi usiokwisha. Alikuwa ameyaona yote kwa macho yake mwenyewe, akayaweka kando kwa sababu hayakuwa keki. Aibu ilimpanda kutoka kifuani mpaka masikioni, na Shangazi Sindano, mjane wa siku nyingi ambaye mtaa haukumbuki machozi yake, alilia kidogo mbele ya mlinzi wa kituo.

Nyumbani alimkuta Mama Abiria ameamka, amekaa na blanketi magotini. Shangazi hakuvua hata shali.

"Wifi, nimekukosea," alisema. "Nimekupekua mkoba. Nimekufuata asubuhi kule darajani, siku zote hizi, nikidhani unakwenda kula."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba unanifuata. Unatweta kwenye ngazi, wifi, treni zenyewe zina nafuu. Nilikuwa nasimama juu nikijifanya natazama reli, ili upumzike. Niliogopa utaanguka."

Shangazi akakaa kando yake kwenye kochi. Aliuliza mbona basi alinyamaza, na Mama Abiria akajibu kwamba alitaka atazame mpaka macho yake yachoke, labda yakichoka yataona. Shangazi alimshika mkono, kile kiganja kikavu, akamwambia kesho hakuna kazi, kesho ni hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye foleni ndefu nje ya mlango wake. Aliwapokea vizuri, akamsikiliza Mama Abiria mpaka mwisho bila kutazama saa. Kisha akamweleza kwamba jambo hili lina sababu nyingi. Mara nyingi mtu anakula kuliko anavyodhani, wala si kwamba anadanganya, anasahau: kijiko cha kuonja, mabaki ya sahani ya mtoto, glasi ya juisi njiani. Mwingine akifanya mazoezi asubuhi, kutwa nzima anakaa, na alichokitoa kinarudi. Mwili nao ni mchoyo, ukiona chakula kimepungua unaanza kubana matumizi. Yupo ambaye dawa anazotumia ndizo zinazomnenepesha, na yupo mwenye ugonjwa. Ndiyo maana anapenda kuanza na maswali ya chakula, alisema, na maswali hayo yana shida moja, kwamba anayejibu ni mgonjwa peke yake. Laiti kila mgonjwa angekuwa na shahidi.

Shangazi alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame, lakini aliona kwamba neno hili halisemwi mtu amekaa.

"Shahidi ni mimi, daktari," alisema. "Huyu nimemlinda kama mwizi. Nimenusa nguo zake. Nimepiga chaki kwenye kopo la sukari. Nimekula anachokula, nimepanda anakopanda, mpaka nikapungua mimi. Angemeza hata karanga moja kwa siri, mtaa mzima ungeshajua, kwa sababu ningeutangazia mwenyewe. Hakuna mtu duniani aliyetaka kumfumania kuliko mimi, na sikumfumania. Anachokuambia ni kweli."

Mama Abiria alikuwa ameinamisha kichwa, na machozi yalimdondokea kwenye sweta bila yeye kuyafuta. Alikuwa amepata mmoja wake.

Daktari aliweka kalamu chini. Alimwangalia Shangazi kwa makini, akamuuliza kama wifi yake husikia baridi wenzake wakiwa na joto. Shangazi akajibu. Akauliza habari ya usingizi, ya nywele, ya ngozi, na Shangazi akajibu yote, kola kwa kola. Alipofika kwenye sauti, Mama Abiria mwenyewe akataka kujibu, na daktari akainua mkono akamwambia inatosha, ameisikia. Akasimama nyuma yake, akampapasa shingo taratibu, akamwambia ameze mate. Kisha akaandika kipimo cha damu.

Majibu yalipotoka yalikuwa mafupi. Kuna tezi ndogo mbele ya koo, daktari alieleza, ndiyo inayouamrisha mwili ufanye kazi kwa kasi gani. Ya Mama Abiria ilikuwa imelegea. Mwili wake ulikuwa ukienda mwendo wa konokono, na ndiyo maana ngazi na mboga havikufua dafu. Atameza kidonge kila asubuhi kabla ya kula, pengine maisha yake yote. Joto litarudi, nguvu zitarudi, na sauti nayo kuna matumaini. Kuhusu unene alisema ukweli: sehemu yake itaondoka, nyingine itaondoka polepole, nyingine haitaondoka, na asije akaulaumu mwili wake tena.

Walipokuwa mlangoni daktari alimwita Shangazi akamuuliza, kwa kutaka kujua tu, yeye alitumia mpango gani kupungua namna ile.

"Mimi?" Shangazi alisema. "Mimi nilikuwa napeleleza tu."

Mkuu wa kituo alipoletewa cheti cha daktari aliahirisha mambo ya stoo, akamwambia Mama Abiria akae chumbani mwake abonyeze kompyuta tu, sauti ya Jumapili iseme wiki nzima mpaka atakapopata nafuu. Abiria walifurahi sana. Walitia karatasi kwenye sanduku kushukuru kwamba yule mwenye sauti nzito ameondolewa, na Mama Abiria, aliyekuwa akizisoma, alizileta nyumbani wakacheka hata mpaka rangi akapaliwa na chai.

Sauti ilirudi taratibu. Shangazi ndiye aliyeipima, maana hakuacha tabia ya kupima, alibadilisha kitu tu. Kila asubuhi alikaa dirishani akisikiliza wifi yake akiaga mlangoni. Sweta ikavuliwa. Viganja vikaacha kunasa hariri. Kisha siku moja katikati ya wiki Mama Abiria alizima kompyuta, akaondoa kitambaa kwenye kipaza sauti, akatangaza mwenyewe kutwa nzima. Hakuna abiria hata mmoja aliyegundua. Mkuu wa kituo aligundua jioni, treni ilipochelewa kwa sababu ng'ombe alilala relini akakataa kuamka, na mtangazaji akalieleza jambo hilo huku akizuia kicheko. Kompyuta haijui habari za ng'ombe. Mkuu alipanda ngazi akamkuta amekaa kwenye mto wake.

"Kumbe kweli ni wewe," alisema.

"Nilikuambia," alijibu Mama Abiria.

Uzito ulipungua kidogo, ukasimama. Shangazi alitoa vipande alivyoongeza katika baadhi ya magauni, mengine akayaacha, na hayo aliyoyaacha aliyapamba kwa utepe kana kwamba ndivyo yalivyokusudiwa tangu mwanzo. Asubuhi waliendelea kupanda daraja, sasa bega kwa bega, wakisengenya watu kwa raha zao. Lile kopo la sukari Shangazi aliliosha vizuri mpaka alama ya chaki ikatoka.

Alidhani deni lote limekwisha. Lakini jioni moja walikuwa mezani, sufuria ya viazi katikati, na Mama Abiria akanyoosha mkono kuchukua upawa. Kabla hajaugusa, alimtazama wifi yake. Ilikuwa kufumba na kufumbua, jicho la mtu aliyezoea kuchungwa, na mwenyewe hakujua kwamba amelitupa. Mpaka rangi hakuliona. Shangazi aliliona, likamchoma kuliko sindano yoyote aliyowahi kujidunga, maana alijua ni nani aliyelifundisha.

Alinyanyuka, akageuza kiti chake, akakaa ameipa meza mgongo na uso ameuelekeza dirishani, ambako watoto wa jirani walikuwa wakikimbizana na hakuna jipya la kutazama.

"Pakua, wifi," alisema. "Mimi nimeshaona vya kutosha."

Nyuma yake akasikia upawa ukigonga sufuria, mara moja, na baada ya muda mara ya pili. Mama Abiria alianza kula, na kwa mdomo uliojaa viazi akaanza kuwasimulia habari ya ng'ombe wa relini, aliyerudi tena leo, kwa ile sauti yake nyepesi ya Jumapili. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho akiwa vile vile dirishani, na chakula chake kikapoa.